Tulipoacha Kuomba Kura

Jumamosi iliyopita, kule Whitehall, kitongoji cha wahamiaji huku ughaibuni, nilifuatana na mama mmoja Mkongo anayefanya kazi ya kufunga mizigo ghalani. Chama anachokipenda kilishindwa uchaguzi wa Novemba, na sasa yeye na wenzake wachache wanapita mlango kwa mlango kukifufua. Mwenyewe hajapiga kura hata mara moja, kwani uraia bado hajaupata.

Mlango wa tatu ulifunguliwa na mzee wa kwao Kivu. Alipoiona orodha ya wapiga kura mkononi mwa mama, alishika kitasa kama mtu anayetaka kufunga.

"Wakati wa kura mulikuja mara tatu," alisema. "Bibi yangu akakufa mwezi wa kumi na mbili. Hakuna hata mumoja alikuja."

Mama hakujitetea. Aliikunja orodha, akaitia mfukoni, akavua viatu.

"Pole sana, papa. Hatukujua. Jina yake ilikuwa nani?"

Mzee aliachia kitasa, tukaingia, tukakaa saa nzima. Alituonyesha picha za bibi huyo, mkewe, akacheka, akalia, akacheka tena. Chama hakikutajwa. Tulipoinuka kuaga, yeye ndiye aliyeuliza, "Na ile karatasi?"

"Siku ingine, papa. Leo tumekuja kwa kilio."

Wajuzi wa siasa watasema tuliipoteza asubuhi ile. Lakini mzee alikuwa ameshavaa koti na kofia.

"Twende," alisema. "Majirani wa hapa hawafungulie mutu hawamujue. Hodi nitapiga mimi."