Mama Chambo na samaki wasiokubali kwenda na maji

Ni asubuhi na mapema. Mama Chambo amekunja mikono ya gauni na kuinama juu ya beseni la bluu nyuma ya nyumba yake. Anatumbukiza mkono, anayakoroga maji mpaka yazunguke, kisha anautoa na kutazama. Baadhi ya perege wadogo, wa urefu wa kidole, wanachukuliwa na maji. Wengine wanageuza vichwa na kuogelea kinyume.

"Hao wabishi ndio wangu," anasema, akiwachota kwa wavu.

Wabishi wanaingia kwenye tangi. Waliokwenda na maji wanarudishwa bwawani wakanenepe. Kwa miaka tisa mama huyu ameuza chambo hai kwa wavuvi wa kambare, na wavuvi hao wanataka samaki atakayehangaika kwenye ndoano muda mrefu bila kuzimia.

Mumewe, fundi baiskeli, amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Naomba Mungu usije ukanikoroga na mimi," anasema. "Nikienda na maji, si nitarudishwa kwetu?"

"Wewe hukukorogwa," mkewe anamjibu bila kuinua kichwa. "Ulipita kwa kuonewa huruma."

Utani ni mwingi, lakini leo Mama Chambo anawahesabu samaki wake mara mbili. Miezi minne iliyopita aliharibu mambo kwa mikono yake mwenyewe. Kikundi cha wavuvi, wateja wake wakubwa, kilikuwa kinakuja, naye akataka kukipendeza. Akamwaga maji ya tangi na kujaza ya bomba, masafi, yanayong'aa. Dawa ya kuua vijidudu iliyokuwa kwenye maji yale haikuwahurumia samaki. Ndoo zilipofunguliwa ziwani, wote walikuwa wameelea matumbo juu.

"Niliwaua kwa usafi," anasema, na sasa anaweza kucheka.

Kikundi kilihamia kwingine. Kutoka samaki mia tatu kwa wiki, akabaki akiuza arobaini, na ada ya shule ya watoto ikaanza kumshinda. Akaanza kufikiria kurudia kazi ya kufua nguo za watu, ile iliyomchubua vidole enzi za ujana wake. Siku hizi maji ya bomba yanakaa kwanza kwenye pipa lililo wazi mpaka dawa iishe, na mumewe amemuundia pampu ya hewa inayonguruma kama paka aliyeshiba.

Leo mwenyekiti wa kikundi, dereva mstaafu wa lori, anakuja na sharti moja. Atapakia ndoo kwenye gari lake, aende nayo hadi ziwani kwa barabara mbovu, kisha arudi. Samaki wakifa, yeye na Mama Chambo wasahauliane.

Anafika, anachungulia tangi, ananyoosha kidole. "Nipe yule mnene."

"Huyo ameingia kwa bahati mbaya, shemeji. Mwone anavyohema juu juu. Chukua hawa wembamba."

Anachukua ishirini na kuondoka. Mama Chambo anafagia uani, anamaliza, anafagia tena. Mumewe anashughulika kuziba mpira wa baiskeli ambao, anakiri baadaye, haukuwa na tundu.

Gari linarudi limejaa vumbi. Mwenyekiti anaiweka ndoo chini. Mama Chambo anafungua mfuniko, anatumbukiza mkono na kukoroga. Samaki wote wanageuza vichwa kinyume cha maji. Anakaa chini hapo hapo kwenye tope, anacheka huku machozi yakimtoka.

"Nimepita kwenye mashimo yote," mwenyekiti anasema, "hata yale ninayoyakwepa siku zote. Jumamosi niwekee mia."

Kisha, kwa mazungumzo tu, anamuuliza Mama Chambo kama kambare mkubwa kuliko wote aliowahi kuwavua alikuwa wa ukubwa gani. Mama Chambo anafuta macho. Hajawahi kuvua hata mmoja. Samaki wake wakishatoka getini, hajui kinachoendelea.

Mwenyekiti anamtazama fundi, anamtazama tena mama. "Basi Jumamosi unapanda mtumbwi wangu. Mzee hapa atalinda tangi."

"Nilinde mimi, wakati hata mpira usio na tundu nauziba?" fundi anauliza, lakini tayari anacheka.

Mama Chambo ana mpango wa kujenga tangi la pili, na sehemu ya kulijengea ameshaipima. Akiulizwa ataanza lini, anatikisa kichwa.

"Tangi litasubiri," anasema. "Kwanza nikamwone huyo kambare anayenisomeshea watoto."