Saa Kumi na Saba hadi Barcelona

Juzi asubuhi, kwenye duka la vyakula huku Matonge, mtaa wa Wakongo huku ughaibuni, nilipanga foleni nyuma ya dereva wa lori mwenye macho mekundu. Alikuwa kwenye simu na bosi wake, Mkongo mwenzake, akifuatisha kwa kidole njia aliyoichora juu ya mfuko wa mkate.

"Patron, mpaka Barcelona ni masaa kumi na saba ya kuendesha. Sheria inanipa tisa kwa siku. Donc nitalala Lyon, nitafika kesho mangaribi."

"Muzigo unangojewa kesho asubui!" Sauti ya bosi ilisikika hadi kwangu.

"Ile mara ingine nilikusikia, patron. Nikasinzia ku usukani. Chuma ya pembeni ya barabara ndiyo iliniamusha. Sitarudia."

"Basi lete funguo."

"Bon. Nitaleta."

Akakata simu, akasugua uso kwa viganja vyote viwili. Muuzaji akamuuliza taratibu, "Papa, sasa utafanya nini?"

"Maman, nitaenda kulala."

Mzigo ule, sina shaka, ulifika kwa wakati. Nisichokijua ni nani aliyeuendesha, na kama alifumba macho mahali popote.