Kutafuta Neno la Baridi Ibra

Niliondoka Pemba kwa sababu ya neno ambalo nilikuwa nikilitumia maisha yangu yote bila kulijua. Tangu niko sekondari Mkoani naandika haiku, mashairi ya Kijapani ya mistari mitatu, yenye mizani tano, saba, halafu tano. Alitufundisha mwalimu wetu wa hisabati, Mjapani aliyekuja kujitolea. Hesabu zikitushinda alifuta ubao akasema tuandike haiku kwanza. Sharti lake ni kwamba ndani ya shairi liwemo neno la msimu, na msimu alioupenda yeye ulikuwa wa baridi. Basi sisi, watoto tuliolala bila shuka, tukaandika theluji na pumzi zinazotoa moshi. Sasa nina miaka arobaini na kitu. Nimehangaika Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, nimeuza rangi za nyumba na kufunga madirisha, na kote huko nimeandika baridi ya kuhadithiwa.

Mama alipofariki, dada yake mkubwa, Bi Zuwena, akaanza kunitumia ujumbe wa sauti. Yeye anakaa Ibra, Oman, tangu usichana wake, na Kiswahili chake ni kile cha Mjini Unguja cha zamani. "Njoo mwanangu," alisema. "Mume wangu kafa, na Kiswahili cha nyumba hii kimekufa naye. Wajukuu wananisemesha Kiarabu. Nataka mtu wa kusema naye. Na uje sasa, kuna baridi." Sentensi ile ya mwisho ndiyo iliyonifungisha mkoba.

Asubuhi nilipanda meli kwenda Unguja, nikasubiri uwanja wa ndege mpaka kiti kikanichosha, nikaruka hadi Maskati, na kesho yake nikapanda basi la kwenda Sur, linalopitia Ibra. Njia nzima ni milima ya mawe isiyo na jani hata moja, kama kwamba mtu aliipangusa. Mara unashuka bonde na chini unakuta mitende, kijani kimejibana pale penye maji tu. Kwenye basi nilitoa mkono dirishani nipime hewa. Abiria mwenzangu alinitazama, akajifunga kilemba chake hadi masikioni.

Alasiri nilishuka Ibra na shati la mikono mifupi. Kabla sijaiona nyumba niliinusa, maana uani palikuwa na moto. Bi Zuwena alikuwa amekaa mbele yake, amejitanda shali mbili, mdogo wa umbo, macho ya mama yangu usoni mwake.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Sogea nikuone. Wallahi, mama yako mtupu, na pua lile lile."

Ninapokosa la kusema huwa natoa shairi. Nikamwambia hili, papo hapo:

*Moshi wa kuni*
*umetangulia nje*
*kunipokea*

Nikamweleza kwamba kuna mchezo wa kuunganisha. Mmoja akitoa mistari mitatu, mwenzake humjibu kwa miwili ya mizani saba saba, kisha mwingine anatoa mitatu tena, na mnyororo unaendelea hivyo, msimu ukiwamo humo humo. Bi Zuwena amekulia kwenye majibizano ya mashairi ya harusini. Alinitazama mikono yangu iliyosimama vinyweleo, akajibu:

*Nguo nyepesi hizo,*
*umekuja kuoga?*

Akanitupia shali moja huku anacheka. Nadhani tangu kile kicheko chake ndipo nilipoanza kufikiri kwamba huenda safari hii nisiondoke tena.

Wiki za mwanzo tulikaa uani kila siku tukiunganisha mistari. Baridi ya Ibra haina theluji, lakini ina mambo yake. Asubuhi falaji, yaani mfereji unaoleta maji kutoka chini ya ardhi hadi mashambani, hutoa mvuke, kwa kuwa maji yake yana uvuguvugu kuliko hewa. Sakafu inauma nyayo. Chai inapoa kabla hujamaliza kupuliza. Yote haya niliyatia katika mistari, na Bi Zuwena akayajibu, na asiporidhika na neno langu hunipa lililo bora. "Kaa hapa," alisema. "Nassor atakushughulikia karatasi za ukaazi. Wewe kazi yako ni kunijibu." Nassor ni mwanawe, kaka yangu mimi kwa upande wa kina mama. Ana Kiswahili cha salamu na cha kuombea chumvi.

Alhamisi moja Nassor alinichukua tukamfuate binti yake, Raya, anayesoma chuo Sur, kwa kuwa chuo kilikuwa kimefungwa. Tulipitia Al Kamil wal Wafi tukanywa chai ya maziwa kando ya barabara, na Sur tulikuta upepo wa bahari unaokata. Raya alikuwa anatusubiri na begi lake, msichana mrefu mwenye miwani. Njiani kurudi Nassor alizungumza na simu, na sisi nyuma tukazungumza wenyewe.

"Ami," aliniambia kwa Kiswahili, taratibu, "mimi nafahamu yote mnasema. Kusema ndio naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Bibi anacheka. Mimi mdogo nilisema 'kitanda yangu'. Bibi akaita majirani, njooni msikie. Wakaja, wallahi. Wakakaa, wakapewa kahawa." Alikuwa anacheka, lakini alivua miwani akaifuta. "Khalas, nikafunga mdomo. Sasa Bibi anasema hana mtu wa kusema naye. Mimi nipo hapo."

Nimetembea sana, na niliyajua hayo sehemu nyingine pia. Wazee wa huku wamekitunza Kiswahili kama wanavyotunza vikombe vya kabatini, na mtoto akikigusa hupigwa mkono. Nikamwambia Raya haiku inamfaa mtu mwenye maneno machache. Mizani kumi na saba tu. Hata ukiwa na maneno mengi, yatabaki nje.

Ijumaa baada ya chakula, sinia likiwa bado mkekani, Raya alijikaza akasema lake:

*Falaji moto*
*asubuhi baridi*
*mimi kimya tu*

Miaka yote ile mimi sijaandika kitu kama mstari ule wa mwisho. Bi Zuwena akacheka.

"Falaji moto ndiyo nini? Sema maji ya falaji yana moto. Na 'mimi kimya tu', umekuwa mawe?"

Raya aliinuka, akachukua sinia akaenda jikoni. Hakurudi.

"Mama Mkubwa," nikasema, "mchezo huu una sharti sikukwambia. Shairi la mwenzako huligusi."

"Hata likiwa kilema?"

"Hata likiwa kilema. Unalijibu tu."

"Mbona yako nayatengeneza?"

"Mimi nakuachia. Mwalimu angekutoa mchezoni zamani."

"Alikuwa mkali mwalimu wenu."

"Hesabu zetu alizisahihisha kwa wino mwekundu. Mashairi hakuyatia kalamu."

Alivuta shali yake akajifunika. Hakumwita Raya, na mimi sikutaka kumsukuma mtu mzima.

Jumapili tulikwenda Nizwa sote wanne, kwa kuwa Nassor alikuwa na shughuli huko. Tulipita Samad Ash Shan, mashamba yakiwa na umande, na kabla ya Nizwa mlima mkubwa ukajitokeza. Nassor alisema huko juu maji huganda kwenye ndoo. Tulirudi kwa njia ya Manah kununua vitunguu thomu vibichi, kwani ndio wakati wake, na gari zima likanuka.

Bi Zuwena alikaa mbele, mimi na Raya nyuma.

"Ami," Raya alinong'ona, "mwambie Bibi mlima umevaa kilemba leo."

"Mama Mkubwa, Raya anasema mlima umevaa kilemba leo."

"Mwambie ni wingu la baridi hilo, likishuka kesho atavaa soksi."

Nikamwambia. Akacheka, akanipa jingine nimfikishie. Kutoka Manah hadi karibu na Ibra nilifanya kazi hiyo, nikijiona mtu wa maana sana. Kiti cha Bi Zuwena kilikuwa kinagusa magoti ya Raya. Ilinijia polepole kwamba kwa muda wote nitakaokuwa kwenye nyumba ile, mmoja atanituma na mwengine atanijibu mimi.

Jumatano kuna soko la wanawake Ibra. Mwanamume haingii. Wauzaji ni wanawake, wanunuzi ni wanawake, na ukikaribia unageuzwa. Bi Zuwena hataki kulikosa, na kwa sababu miguu inamsumbua, kila wiki huenda na mtu wa kumshika. Wiki ile alikuwa Raya. Mimi nilibaki nje kwenye ukuta wenye jua, pamoja na madereva na waume waliokuja kubeba mizigo, mikono kwapani. Walikawia. Nilianza kuwaza wamegombana, au mmoja kaanguka.

Walitoka wameshikana. Raya amebeba mfuko wa vitambaa, Bi Zuwena hakubeba kitu, mkono wake wote umo ndani ya mkono wa mjukuu.

"Raya katoa," alisema Bi Zuwena. "Sikiliza." Akalisoma yeye mwenyewe, neno kwa neno:

*Mkono bibi*
*baridi kama chuma*
*mimi nashika*

Nilingoja. Nilijua pale pana pa kuchekwa, na Raya alijua, alikuwa anaangalia viatu vyake. Bi Zuwena alivuta pumzi, mdomo ukataka kufanya kitu, akaufumba. Kisha akageuka, si kwangu:

*Usiachie, Raya,*
*jua bado li mbali*

"Nimemjibu humo ndani," aliniambia, "mbele ya muuza ubani. Kaniuliza mnasema lugha gani. Nikamwambia ya nyumbani kwetu."

Jioni ile karatasi zangu zilikuwa juu ya meza, Nassor ameziandaa, imebaki sahihi yangu. Raya aliingia na kahawa. Akanitazama, akaanza, "Ami, mwambie Bibi..." na bibi yake yupo hapo, kando yake. Nikasingizia koo linaniuma. Akaliweka birika lake mezani. Kisha akamwambia mwenyewe.

Kesho yake nilimwambia Bi Zuwena naondoka.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Mama Mkubwa. Hapa ndipo mahali pa kwanza nilipotaka kukaa."

"Basi kaa. Nani atanijibu?"

"Unamjua."

"Yule mistari yake inachechemea."

"Na wewe miguu yako inachechemea. Jana kakufikisha sokoni."

Aliniita mtoto mshenzi, akanilazimisha nikubali shali ile iwe yangu. Halafu akalia kidogo, na mimi pia.

Kabla sijaja nilidhani neno la baridi ni jina la kitu unachokiona, barafu au mvuke. Ibra nimejifunza kwamba ni neno linalomfanya mtu asogee kwa mwenzake, na kwamba wakati mwengine anayezuia kusogea huko ni mgeni aliyekaa katikati, anayependwa na pande zote mbili. Mimi nilikuwa nimezoea kuondoka kwa kuchoka na mahali. Safari hii niliondoka bado napataka, na sikurudi tena.

Siku ya kuondoka walinisindikiza hadi kituo cha basi. Nassor aliweka mkoba wangu ndani, tukakumbatiana. Bi Zuwena na Raya walikaa kwenye benchi chini ya jua, na kwa kuwa basi lilichelewa walianza mnyororo mpya. Niliketi dirishani nikainua mkono niwapungie. Hawakuniona. Bi Zuwena alikuwa anatoa mstari huku anahesabu mizani, akikunja kidole baada ya kidole, na Raya alimshika mkono, akatikisa kichwa, akamfungulia kidole kimoja.