Shahidi kaapa hamjui

Jamani, leo nimemponza mzee wa watu.

Sisi wanachuo tunajitolea hapa Tabora, tunawajazia wageni fomu za uraia. Kwenye fomu ya Babu Masanja niliandika jina moja tu, alilozaliwa nalo Burundi: Ndayizeye. Nikajiona makini!

Masanja ni jina alilopewa na majirani, alipopokelewa kwenye kijiji cha ujamaa; huko ndilo pekee wanalolijua.

Leo shahidi wake, Mzee Shija, aliyelima naye shamba la kijiji tangu ujana, kaingia kwa afisa peke yake. Katoka anatabasamu.

"Masanja, tulia. Wameniuliza habari za Mrundi mmoja, Ndayizeye. Nimeapa kwetu hajawahi kuwepo. Nimesaini kabisa."

Huko ndani afisa kafunga faili: ombi limekwama.

Babu kamshika mkono: "Ahsante, ndugu yangu."

Hajamwambia kuwa Ndayizeye ndiye yeye. Na mimi sijamwambia.

Nyie mngemwambia?