Geti Langu na Mama Mkwe
Mama mkwe alisimama nje ya geti langu pale Migwani, ametoka Kalamba na kiondo chake, na geti likakataa kufunguka. Siku hizo nilikuwa najifunza kuchomelea vyuma nyumbani, kujifurahisha tu, na asubuhi hiyo nilikuwa nimechomelea bawaba zikagandana na nguzo, hazizunguki tena. Ilikuwa mara yake ya kwanza kututembelea. Mke wangu, aliyepika tangu alfajiri, akaanza kulia.

Nimezunguka nchi nyingi, msomaji, lakini sijaona geti refu kama lile. Kwetu Ukambani mkwe hamgusi mama mkwe, kwa hivyo hata kumshika mkono apande sikuweza.

"Mama, ngoja kidogo nilikate," nikasema, nikiangalia viatu vyangu.

Akaning'iniza kiondo kwenye chuma cha geti, akageuka aende zake.

"Kama hukutaka niingie, ungetuma mtu aniambie."