Mama Tofali, fundi wa mashimo ya moto anayemwonea wivu mdogo wake

Saa moja asubuhi, Mama Tofali amepiga magoti kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba ya watu, wenyewe wameshatoka kwenda kazini, anang'oa mawe. Ni mawe ya mtoni, meupe na laini, yaliyopangwa duara kuzunguka shimo la kuotea moto. Anapenyeza mtaimbo, anabinua, anatupa kwenye toroli.

"Litazame hili," ananiambia, akiinua moja. "Utadhani yai. Ana mkono huyu mtoto. Roho inaniuma."

"Mtoto" anayemsema ni mwanamume mwenye ndevu, mdogo wake wa tumbo moja, na ndiye aliyejenga shimo hili. Amefika sasa hivi na ufagio, aondoe vumbi la mwisho kabla wenye nyumba hawajawasha moto wao wa kwanza jioni ya leo. Nusu ya kazi yake ameikuta kwenye toroli.

"Dada, unanibomolea kazi?"

"Nabomoa."

"Mwenye wivu ajinyonge!"

"Nitajinyonga nikimaliza. Nipishe."

Mama Tofali alianza kwa kujenga kuta, miaka ishirini iliyopita. Wenye nyua walipoanza kutaka mahali pa kukaa na wageni wao jioni za baridi, ni yeye aliyewachimbia. Shimo lake halina mapambo: matofali ya kuchoma, kokoto chini ili maji ya mvua yapate pa kupotelea, ukingo wa kufika magotini. Analiweka mbali na ukuta, mbali na kamba ya nguo, na kabla ya kuchimba hutazama juu asije akawasha matawi ya mti.

"Moto hauna adabu. Wewe ndiye wa kuuonyesha pa kukaa," anasema. Wateja wake huachiwa ndoo ya mchanga na onyo moja: asilale mtu mpaka jivu limekuwa la baridi mkononi. Akisikia mtu amewasha kwa mafuta ya taa, humfuata hadi mlangoni kumgombeza.

Mdogo wake alimchanganyia udongo kwa miaka sita, kisha akajitegemea. Hapo ndipo kijiba cha roho kilipoanza. Kijana alileta mawe ya mtoni, akapiga picha, picha zikatembea kwenye simu za watu. Mama Tofali aliyekuwa akijenga mashimo matatu kwa mwezi sasa akipata moja anashukuru. Wateja wanamwita mdogo wake Msanii.

"Mimi waliniita Mama Tofali, yeye Msanii! Nani alimfundisha kushika mwiko? Nilikuwa nikipita karibu na kazi zake nazunguka njia ya mbali, nisizione. Halafu narudi kuzichungulia."

Ni katika kuchungulia huko, Alhamisi iliyopita, alipochungulia juu ya uzio akayaona mawe haya. Yalikuwa bado na unyevu. Akajua papo hapo.

Jiwe la mtoni hunywa maji likayaficha ndani. Likipata moto mkali, maji yale hutafuta pa kutokea, na jiwe hupasuka na kurusha vipande. Mama Tofali analijua hilo tangu siku alipochomwa na kipande kwenye kidevu, na kovu analo. Mdogo wake hakuwahi kuambiwa.

Si kwa kusahau. Katika kazi hii, mafundi wengi humfundisha mwanafunzi kila kitu ila kimoja, ili siku moja arudi kuuliza. Mama Tofali alibakiza hicho.

"Alhamisi nilirudi nyumbani nikanyamaza," anasema bila kuinua uso. "Nikasema, acha limpasukie. Kidogo tu, aaibike, wateja wanirudie. Nikala, nikalala vizuri kabisa."

Jana alipita tena. Wenye nyumba walikuwa wameshapanga viti vya jioni, na mbele kabisa, karibu na mawe, vigoda vitatu vya watoto. Mama Tofali akaona kwamba mtoto akikaa pale, uso wake unalingana na ukingo. Safari hii hakulala vizuri.

Msanii hataki kuamini kwamba jiwe hupasuka; ya mashimo yake ya awali bado hayajapasuka. Basi dada yake anawasha kuni ndani ya nusu pipa, anatia mawe mawili, anafunika kwa bati na kutusogeza sote nyuma ya ukuta. Tunangoja. Msanii anaanza kucheka. Ndipo kunapolia "paa!" na bati linaruka na kuanguka chini limebonyea.

Msanii anakitazama kigoda kilicho karibu na shimo, kisha anamtazama dada yake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka yote sita, dada?"

"Ungenipita mapema. Na umenipita vilevile." Anafuta mikono kwenye gauni. "Umejenga mangapi ya mawe haya?"

"Manne, na hili."

"Piga simu, asiwashe mtu. Tunaanza hapa."

Wanafanya kazi hadi alasiri. Ndani ya shimo, Mama Tofali anapanga matofali yake ya kuchoma. Nje, mbali na joto, Msanii anataka kurudisha mawe yake meupe. Dada anapinga, ananuna, mwishowe anamwachia. Linatoka shimo zuri kuliko yote ambayo kila mmoja amewahi kujenga peke yake, na Mama Tofali anaudhika kuliona hivyo.

Mwenye nyumba anarudi kutoka kazini, anapiga makofi. "Msanii, hujambo! Kumbe siku hizi una msaidizi?"

Msanii anafungua kinywa aseme ukweli, lakini dada anamwahi: "Ndoo ya mchanga ikae hapa, baba. Na vigoda virudi nyuma."

Njiani, akisukuma toroli, ndipo anapofoka. "Msaidizi! Wewe mwandishi, andika: mimi ndiye niliyemfundisha. Andika kwa herufi kubwa."

Yamebaki mashimo manne ya kurekebisha, nao wameahidiana kuyamaliza kabla ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo Mama Tofali ana mpango ambao hajawahi kuufikiria kwa miaka yote ishirini: kujenga shimo nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Hana hata moja.

"Matofali nitapanga mimi. Nje aje aweke mawe yake, yaani, atakuja tu, ni mdogo wangu. Tutawasha moto, tutaota." Anasimamisha toroli, anamtazama ndugu yake anayetangulia mbele na mtaimbo begani, akipungiwa mkono na watu barazani.

"Ila upande wa moshi," anasema, "atakaa yeye."