Bwana Harusi Hayupo

Jamani, mie aibu ile sijaimaliza, na hadi leo nikipita karibu na ule ukumbi wa Kawe nageuza uso upande wa pili, lakini acheni niwasimulie mwenyewe, maana mnayoyasikia mtaani yametiwa chumvi (si nyingi sana, lakini imetiwa).

Dada yangu Nadya alikuwa anaolewa. Pale kwetu Kiwalani mie ndiye mtu wa kompyuta, kwa hiyo nikapewa kazi ya kuonyesha picha za maharusi ukutani kwa projekta. Mtu mwenye akili zake angeziweka tu zipite moja moja, basi. Mie hapana. Siku hizo nilikuwa nimenogewa na lugha moja ya kuandikia programu, wenyewe wanaiita ya kivivu, na si tusi, ndiyo tabia yake: ukiiambia ifanye jambo haifanyi, inajiwekea ahadi tu, halafu ukilitaka jibu ndiyo inakurupuka kwenda kulitafuta. Uzuri wake, unaweza kuiandikia hata orodha isiyo na mwisho na isielemewe, kwa sababu inashughulika na kile ulichokiomba tu. Nikaona hapo hapo: picha zikiisha zinaanza upya, milele, mpaka wageni wachoke wenyewe!

Picha zenyewe zilikuwa kwenye flashi ya mjomba Saidi. Alasiri ile ukumbini nikaichomeka, nikaendesha programu, ikajibu papo hapo kwamba iko tayari. Nikaomba picha ya kwanza, Nadya akiwa mtoto, mapengo matupu, ikaja safi kabisa. Mjomba huku kasimama mlangoni anachezesha funguo za gari.

"We Zuhura, nipe flashi yangu, nakwenda kumchukua bibi Temeke."

"Chukua tu mjomba, zimeshaingia zote."

Zimeingia wapi! Iliyoingia ni ile moja niliyoiomba. Nyingine zote zilikuwa ahadi, na ahadi zenyewe zilielekeza kwenye flashi ambayo sasa ilikuwa mfukoni mwa mjomba, inakwenda Temeke. Na nilikuwa nalijua hilo, tena nimewahi kuwaelezea wenzangu kazini kwa mbwembwe zote, ila siku hiyo nilikuwa na haraka, nataka nikavae.

Halafu kuna jambo jingine, ndilo lililoniua. Wakati wa majaribio niliiambia programu kwamba picha isipopatikana, itoe jina nililoipa picha hiyo na neno "hayupo", kwa herufi kubwa, nione mie tu nirekebishe. Nikasahau kuliondoa.

Basi wageni wamejaa, udi unanukia, ndoa inafungwa palepale ukumbini, na Nassor, bwana harusi mwenyewe, hajafika. Watu wakaanza kutazamana. MC akaona awachangamshe: "Sista wa picha, tuwashie!" Nikabonyeza rimoti. Nadya na mapengo yake. Vigelegele! Nikajiona mtu. Mara ukuta ukawa mweusi, yakatokea maandishi meupe mapana:

BWANA HARUSI HAYUPO.

Vigelegele vikakatika. Mtu mmoja nyuma akasema, "Si nilisema?" (alisema nini, na lini, sijui). Nikabonyeza tena nikidhani ni hiyo moja tu yenye hitilafu, ikaja MAMA WA BWANA HARUSI HAYUPO, na Bi Shamsa, mama yake Nassor, kakaa meza ya mbele kabisa na dhahabu zake. Akainuka.

"Nipo! Mie nipo hapa! Nani kasema nimekufa?"

Zikawa zinakuja zenyewe sasa, maana ndivyo nilivyozipangia, babu hayupo, shangazi hayupo, na orodha nimeiandika kwa mkono wangu isiwe na mwisho, kwa hiyo walipomalizika wote wakaanza upya kutokuwepo. Nikakimbilia meza ya mitambo na viatu vyangu virefu, njiani namwambia MC, "Tangaza ni kosa la kompyuta!", nikainama nichomoe waya wa projekta, nikachomoa wa spika. MC anatangaza kwa nguvu zote, mdomo unacheza, sauti haitoki, na nyuma yake ukutani BWANA HARUSI HAYUPO kwa mara nyingine. Mwishowe akaja mwenyewe akaifunika kompyuta yangu kwa kiganja, bila hata kunitazama.

Kumbe kuna shoga yake mmoja mle ukumbini alishampigia Nadya simu. Nikaitwa nje. Bibi harusi yuko kwenye gari, shela limekaa upande, wanja unateremka shavuni.

"Zuhura, niambie ukweli. Nassor amekataa?"

"Hajakataa dada, ni programu, haikusoma picha, ile flashi mjomba..."

"Nakuuliza mtu, wewe unaniambia picha?"

Nikampigia Nassor, hapokei. Nikapiga tena, nikitembea huku na huku kando ya gari, na wazo likaanza kuniingia: je, ikiwa kweli? Ikiwa nimetangaza jambo la kweli kwa bahati mbaya?

Ndipo ikaja bodaboda, na juu yake Nassor, joho limekunjwa mapajani, vumbi hadi kwenye ndevu. Gari lilichemka njiani, na simu kaiacha humo kwa haraka ya kuruka. Nadya akalia upya, safari hii kwa kucheka. Bi Shamsa akatoka, akamshika mwanawe uso mzima, kisha akanigeukia mie.

"Wewe ndiye uliyeniua?"

"Shikamoo mama. Ni mie. Nisamehe."

"Marahaba." Akavuta pumzi. "Usirudi kwenye ile mitambo. Nenda jikoni."

Nikaenda. Ndoa ya dada yangu nimeisikilizia nyuma ya sufuria za pilau, nimeshika mwiko.

Tangu hapo programu ikiniambia imemaliza, siiamini. Nailazimisha ifungue kila kitu mbele yangu, na cha mwisho ndicho ninachokitaka kwanza. Na orodha isiyo na mwisho, kwenye shughuli ya mtu, wallahi siandiki tena.